Milima haikutani, majina yake hukutana

Wahenga walinena kwamba milima haikutani, binadamu hukutana. Kauli hiyo ni kweli tupu, ila wahenga hawakutaja majina. Jina la mlima halikukita mizizi ardhini kama mlima wenyewe. Husafiri kwa kinywa cha mchungaji, kwa kalamu ya nahodha na kwa wino wa mchora ramani, hata siku moja mwanafunzi akafungua atlasi na kukuta jina moja limeandikwa mara mbili, katika nchi mbili zisizopakana.

Huku kwetu Mwambao, watu wawili wenye jina moja huitana somo. Neno hili lina faida mbili, kwani lamaanisha wajina na pia lamaanisha funzo. Milima nayo ina masomo yake, na ni juu ya masomo hayo ningependa walimu na wanafunzi tuzungumze. Liko kosa linalorithishwa darasani mwaka baada ya mwaka, nalo si dogo: kudhani kwamba majina yakifanana, asili nayo ni moja.

Tuanze na Meru. Mlima Meru ulioko Arusha, Tanzania, una urefu wa mita 4,562. Kenya pia ina Meru, ila hiyo si mlima bali ni mji na watu wa miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Kisiwani Java, Indonesia, uko mlima wa volkeno uitwao Semeru, wenye mita 3,676. Katika safu ya Himalaya, upande wa India, kipo kilele kiitwacho Meru, chenye mita 6,660. Fauka ya hayo, maandiko ya Wahindu na ya Wabuddha yanautaja mlima Meru kuwa ndio kitovu cha ulimwengu.

Msomaji mwepesi wa kukata kauli ataona hapa njia iliyonyooka kutoka India hadi Arusha. Atasema kwamba maadamu majahazi yalivuka Bahari ya Hindi kwa karne nyingi, jina nalo lilivuka. Tupambanue. Semeru ya Java na kilele cha Himalaya kweli vimepewa majina kutokana na mlima wa maandiko, kwa kuwa dini na lugha ya maandiko hayo zilifika huko na kuacha mahekalu na vitabu. Mlima wa Arusha hauna ushahidi wa namna hiyo. Wenyeji wake, wanaoitwa Wameru, hujiita Warwa, na lugha yao, Kirwa, ni jamaa ya Kichaga. Wameru wa Kenya nao wana lugha iliyo karibu na Kikuyu na Kiembu, na masimulizi ya wazee wao yanataja safari ndefu kutoka kisiwa kiitwacho Mbwaa, kwenye maji ya bahari. Hao ni watu wawili, wenye lugha mbili na masimulizi mawili. Kinachowaunganisha ni silabi mbili tu, na silabi mbili hukutana kwa urahisi katika maelfu ya lugha za dunia.

Kwa nini tujisumbue na jambo hili? Kwa sababu historia inayojengwa juu ya mwangwi wa sauti haibaki darasani. Leo mtu atasema kwamba watu fulani ni wageni kwa kuwa jina lao lasikika kwingineko. Kesho atasema kwamba ardhi si yao. Mwanafunzi aliyezoezwa kuridhika na mfanano wa majina hatakuwa na silaha ya kumjibu mtu huyo.

Aina ya pili ya masomo ni ile inayotokana na kalamu ya mgeni. Katika milima ya Ruwenzori, nchini Uganda, uko Mlima Baker, wenye urefu unaozidi mita 4,800. Katika jimbo la Washington, Marekani, uko Mlima Baker mwingine, wenye mita 3,286. Mtu angedhani aliyeheshimiwa ni mmoja. Sivyo. Ule wa Marekani ulipewa jina mwaka 1792 na George Vancouver kwa heshima ya Joseph Baker, afisa wa merikebu yake. Ule wa Uganda ulipewa jina mwaka 1906 na mwanamfalme wa Kiitalia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, kwa heshima ya Samuel Baker, msafiri aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864. Joseph alifariki mwaka 1817. Samuel akazaliwa mwaka 1821. Hawakuvuta hewa ya dunia hii kwa wakati mmoja, na hata hivyo wamekuwa masomo milele, kila mmoja juu ya theluji isiyokuwa ya kwao. Wabakonzo waliokuwa wakiishi chini ya Ruwenzori, na wenyeji wa Marekani waliouita mlima wao Kulshan, hawakuombwa rai. Hapa jina moja halituelezi lolote juu ya mlima. Linatueleza ni nani aliyekuwa na karatasi na wino.

Aina ya tatu ni jina linalonakiliwa kwa makusudi. Olympus ya Ugiriki, yenye mita zaidi ya 2,900, ilihesabiwa na Wagiriki wa kale kuwa makao ya miungu yao. Jina hilo lapatikana pia kisiwani Saiprasi, kwenye mlima wa mita 1,952. Mwaka 1788 nahodha wa Kiingereza, John Meares, alilibandika mlima alioutazama kutoka baharini, huko huko katika jimbo la Washington. Wanasayansi wa anga nao wakaupa mlima mkubwa wa sayari ya Mirihi jina la Olympus, mlima ambao urefu wake wapata kilomita 22. Mwenye kunakili hivyo hadai ukoo. Anasema tu kwamba mlima alioutazama ni mkubwa kama ule aliousoma vitabuni.

Aina ya nne yapendeza zaidi, kwani wenye kutoa jina hawakupata kuonana. Wafaransa wana Mont Blanc. Wanepali wana Dhaulagiri, wenye mita 8,167. Wahawaii wana Mauna Kea. Majina yote matatu hufasiriwa kuwa mlima mweupe. Wamaasai nao, walipoitazama theluji ya Kilimanjaro, waliuita Ol Doinyo Oibor, yaani mlima mweupe. Naye mmisionari Ludwig Krapf, aliyekuwa na makao Rabai, mwendo mfupi kutoka kisiwa cha Mombasa, aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849, akaandika kwamba nao uliitwa mlima mweupe kwa lugha hiyo hiyo. Kwa hivyo milima miwili mirefu kuliko yote barani Afrika imepata kuwa masomo. Hapa hakuna aliyemwiga mwenzake kutoka ng'ambo. Macho yameona jambo moja, na kila lugha ikalitaja kwa maneno yake.

Je, basi jina moja kamwe si ushahidi wa historia moja? La hasha. Hebu tushuke kutoka vileleni, tufuate mito. Chini ya Mlima Kenya kuna mji wa Nanyuki. Kwenye miteremko ya Mlima Meru wa Arusha kuna Ngare Nanyuki. Kenya ina jiji la Nairobi; magharibi ya Kilimanjaro kuna Ngare Nairobi. Maneno hayo yote ni ya Kimaasai: Ngare ni maji, Nanyuki yatokana na wekundu, na Nairobi ni ubaridi. Majina haya yamefanana kwa sauti, kwa maana na kwa lugha, tena katika nyanda ambazo twajua kwa hakika kwamba Wamaasai walichunga ng'ombe wao kabla ya mpaka wa Kenya na Tanganyika kuchorwa. Ushahidi kama huo watosha. Mfanano wa sauti peke yake hautoshi.

Hapo ndipo ninapofika Majengo. Kisiwa cha Mombasa hakina mlima, lakini mtaa wetu wa Majengo una masomo wengi kuliko Olympus. Kuna Majengo ya Pumwani, Nairobi. Kuna Majengo Nyeri, na Majengo Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Kuna Majengo Dodoma, na Majengo Moshi, chini ya Kilimanjaro. Hii milima miwili myeupe, kila mmoja una Majengo yake miguuni.

Tulipime jina hili kwa mizani ile ile. Sauti ni moja. Maana ni moja: mahali palipojengwa. Lugha ni moja, nayo ni Kiswahili, kilichopanda bara pamoja na wapagazi, wafanyabiashara, askari na waalimu wa madrasa. Kwa hivyo Majengo si jina la kubahatisha kama Meru, wala si jina la kubandikwa kama Baker. Ni nyayo za Kiswahili, na kila Majengo ni mahali zilipokanyaga. Isitoshe, jina lenyewe lina siri. Lataja kilichojengwa, halitaji ardhi. Hapa Mombasa, ambako mtu aweza kumiliki nyumba na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine, siri hiyo wenyeji waijua vyema.

Nawaomba walimu wa jiografia na wa historia wawape wanafunzi daftari lenye safu nne. Mbele ya kila jina la mahali waandike: ni lugha gani? Lina maana gani? Nani alilitoa? Lini? Waanze na mitaa yao, Majengo, King'orani, Mwembe Tayari, na wawaulize wazee wakiwa bado wako, kwani kuuliza si ujinga. Kisha ndipo wapande milima ya dunia. Safu ikibaki tupu, waiache tupu, wasiijaze kwa mfanano wa sauti. Mwanafunzi atakayejifunza kuacha nafasi hiyo wazi hadi apate ushahidi atakuwa amekwisha kuianza kazi ya mwanahistoria.