Kisukari na Chungu cha Nyumbani

Makambako ni mji wa njia panda. Hapo barabara ya Dar es Salaam na Mbeya huachana na ile iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita papo hapo. Mchele, sukari na unga wa ngano hupita njia hizo hadi vijiji vya pande hizo, Kidugala ikiwemo. Chapati, pilau na sambusa, vyakula vilivyokuja na jamaa zetu wenye asili ya Bara Hindi, leo ni vya kila nyumba.

Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam katika miaka ya 1980 ulionyesha kuwa kisukari kilikuwa kingi zaidi kwa jamii hizo kuliko kwa Waafrika wa vijijini. Miili yao huhifadhi mafuta tumboni hata mtu akionekana mwembamba. Kwa sababu hiyo, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliweka kwao mpaka wa kiuno wa sentimita 90 kwa wanaume na 80 kwa wanawake.

Basi mgonjwa huambiwa nini? Mara nyingi hupewa karatasi inayokataza vyakula, isiyotaja hata kimoja kati ya vile anavyovipika. Huifikisha nyumbani, ikakunjwa, na chungu kikaendelea kama jana. Ushauri wenye manufaa huanzia chunguni: chapati moja au mbili za unga usiokobolewa, samli ipunguzwe, nusu ya sahani iwe mboga, wali uchukue robo, dengu, kunde na maharage visikosekane, ugali uwe wa dona, chai inywewe bila sukari. Parachichi la Njombe ni jema, kwani halipandishi sukari kwa kasi. Uwatu na karela ni chakula tu. Anayeacha dawa kwa ajili yake anahatarisha macho, figo na miguu yake. Tena mafunzo hayo ayasikie na yule apikaye, awe mke, mama au mkwe.

Jambo la pili ni Ramadhani. Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Mwenye kutumia insulini au glibenklamidi amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, maana dawa huhitaji kupangwa upya. Akifunga, apime sukari; wanazuoni wengi wamesema kupima hakubatilishi saumu. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, afungue mara moja. Na futari isiwe karamu ya jalebi na kaimati.

Ruhusa ya Mola wetu ni rehema, na kuikataa hadi mtu azimie si uchamungu. Wazazi, tuketi na wagonjwa wetu, tuulize wanakula nini, kisha tubadili chungu cha nyumba nzima, asitengwe mgonjwa peke yake na sahani yake. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.