Kazi ya Kutengeneza Nyumba: Fundi Aanze na Kalamu

Wakulima wengi wa skimu huja ofisini kuuliza habari za mbegu na mbolea. Lakini wako pia vijana wanaouliza habari ya kazi nyingine, yaani kutengeneza nyumba za watu. Shauri hili ni jema. Katika skimu zilizofunguliwa tangu mwaka 1962, kule Nyandarua na kwingineko, nyumba za zamani zina mabati yenye kutu, na nguzo zilizochimbiwa ardhini bila dawa huliwa na mchwa.

Lakini kabla ya kuuza ng'ombe ili kununua vyombo, kaa chini na karatasi. Nyundo, msumeno, mwiko, futi, pimamaji, kamba na ngazi imara vyatosha kwa kuanzia. Mashine ya umeme ingoje. Ng'ombe wa maziwa huleta fedha kila mwezi. Mashine isiyo na kazi hailipi kitu.

Jambo linalowaangusha mafundi wengi ni bei. Fundi hutazama paa, akakuna kichwa, akasema, "Nipe elfu tano." Haya, tuchukue mfano. Mabati manne kwa Sh. 900 kila moja ni Sh. 3,600. Misumari Sh. 300, kukodi mkokoteni Sh. 400, na msaidizi wa siku mbili Sh. 1,200. Jumla ni Sh. 5,500. Fundi huyu amefanya kazi siku mbili, na juu yake amempa mwenye nyumba Sh. 500!

Basi tenga vitu na ufundi. Andika orodha ya vitu vinavyotakiwa, mwenye nyumba avinunue mwenyewe au atoe fedha zake kwanza, ndipo mpatane ujira wako. Mapatano hayo yaandikwe, hata kama ni jirani au shemeji. Kwa shemeji hasa.

Tena, yajue majira. Mvua ndefu huanza mwezi wa Machi, kwa hiyo kazi ya paa ni ya Januari na Februari, wakati ule ule unaotakiwa kutayarisha shamba. Hapo ndipo wengi hushindwa: nyumba ya mteja haivuji, lakini mahindi ya fundi yamechelewa kupandwa. Patana mapema na watu wa nyumbani ni nani atakayeshika jembe. Na kabla ya kusimamisha kibao chako, uliza katika ofisi ya kaunti habari za kibali cha biashara.

Kuhusu kazi yenyewe, msumari upigwe juu ya mgongo wa bati, si katika bonde lake, kwani maji hupita bondeni. Bati la geji 30 ni nene kuliko la geji 32, ingawa watu hudhani kinyume. Ukimaliza paa, zungumza habari ya mfereji na tangi. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo paa la mita 6 kwa 5, mvua ikinyesha milimita 20, hupata lita 600, ukiacha kidogo kinachomwagika. Mama anayechota maji mtoni hatahitaji kuelezwa mara mbili.