Lubumbashi: Walimu wa sayansi na majaribio ya mtandaoni yanayokataa kufunguka

Mwalimu wa fizikia huko Katuba au Kampemba ananunua mega kwa pesa zake, anafungua simu usiku kutayarisha somo la umeme, kisha anakuta maandishi: huduma hii haipatikani katika nchi yako. Mega zimeliwa bure. Kesho yake atachora betri na balbu ubaoni kwa chaki, kama mwaka jana, na wanafunzi wake watafika kwenye exetat bila kuwahi kuunganisha waya hata mmoja. Tena katika mji uliojengwa juu ya shaba!

Tovuti hujua mtu yuko nchi gani kwa namba ambayo kila chombo hupewa kinapoingia kwenye intaneti. Wenye huduma hufunga nchi fulani kwa ajili ya haki za kuuza, au kwa sababu hawajafungua soko huko. Wakongomani wanaijua hali hiyo. Duka la programu la Apple lilifunguliwa kwa RDC mwezi wa Aprili 2020 tu, pamoja na Rwanda, Zambia na nchi nyingine. Maabara nyingine za mtandaoni hazifungi nchi yoyote, ila zinaomba kadi ya benki ya kimataifa. Kwa mwalimu anayelipwa kwa franka, ukuta ni uleule.

Wengi hukimbilia VPN, programu inayoonyesha kana kwamba mtu yuko Ufaransa au Marekani. Inasaidia mara nyingine, lakini inapunguza mwendo, inakula mega zaidi, na baadhi ya zile za bure hujilipa kwa habari za mtumiaji. Intaneti ikikatwa kabisa, kama ilivyokuwa kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 baada ya uchaguzi, kwa siku karibu 20, VPN haifai kitu.

Njia iliyo bora haihitaji kuruka ukuta wowote. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, kina mradi unaoitwa PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2001. Una majaribio zaidi ya 100 ya fizikia, kemia, hesabu na biolojia. Kwenye tovuti yake ni bure, mengi yapo kwa Kifaransa, lugha ya exetat, na baadhi kwa Kiswahili. Mwanafunzi anavuta betri, waya na balbu kwa kidole. Akifunga mzunguko vizuri, balbu inawaka.

Jambo kubwa ni kwamba majaribio mapya, yaliyoandikwa kwa HTML5, yanapakuliwa. Mwalimu mmoja mwenye mtandao mzuri anayachukua mara moja, anayaweka kwenye flashi, na wenzake wa shule tano wananakili. Kwenye kompyuta yanafunguka bila intaneti. Simu nyingine hukataa faili hizo, na hapo programu ya bure ya Kiwix, inayobeba mkusanyo mzima wa PhET, inasaidia. Ipo pia Kolibri: kompyuta moja ya mwalimu inagawa masomo kwa simu za darasa kupitia Wi-Fi yake yenyewe, bila mega hata moja. Yale ya zamani ya Java yaachwe tu, yatapoteza muda.

SNEL nayo ina neno lake. Kompyuta ijazwe umeme usiku, ukiwepo, na darasa la wanafunzi wengi mbele ya kioo kimoja litahitaji kupangwa kwa zamu.

Wala kioo hakichukui nafasi ya mikono. Katika jaribio la pH la PhET, wanafunzi wanapima kahawa, maziwa, mate na asidi ya betri, vitu ambavyo mwalimu asingethubutu kuvipitisha vyote darasani. Wakishaelewa, anaweza kuchemsha maua makavu ya bissap na kugawa maji yake katika vikombe viwili. Kikombe cha limau kinakuwa chekundu zaidi. Cha maji ya majivu kinageuka rangi, kikielekea kijani.