Uzee Usibebeshwe Lawama Zisizo Zake

Mtu wa miaka 65 akisema goti linamsumbua, mara nyingi hujibiwa kabla hajamaliza kueleza: huo ni uzee, utafanyaje? Jibu hilo hutoka kwa watoto, kwa majirani, wakati mwingine hata kwa mhudumu wa zahanati, na mwenyewe hulikubali akanyamaza. Lakini goti lake la pili lina umri uleule, na haliumi. Basi kuna jambo lililolipata lile la kwanza, na huenda jambo hilo linatibika. Kuupokea uzee kwa moyo mkunjufu kunaanzia hapo: kutenganisha kilicholetwa na miaka na kilicholetwa na maradhi au kutojitunza. Cha kwanza tukipokee bila kinyongo. Cha pili tukishughulikie. Anayevichanganya viwili hivi hupoteza kote kote, kwa kuwa hununa kwa yasiyobadilika na kuyavumilia yanayobadilika.

Kwamba fikra juu ya uzee zina uzito mwilini si maneno ya kufarijiana tu. Mwaka 2002 mtafiti Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya watu 660 wa mji wa Oxford, jimbo la Ohio, waliokuwa na miaka 50 au zaidi walipohojiwa mara ya kwanza katika miaka ya 1970. Waliulizwa, kwa mfano, kama wanaona kwamba mtu akizeeka anapungua manufaa. Zaidi ya miaka 20 baadaye watafiti waliangalia nani yu hai na nani amefariki. Waliokuwa na mtazamo mzuri juu ya kuzeeka kwao waliishi miaka 7.5 zaidi ya wenzao. Msomaji makini atauliza mara moja: je, si kwamba mwenye afya njema ndiye mwenye furaha, na afya yenyewe ndiyo iliyomrefushia maisha? Swali ni la haki, na watafiti walilizingatia. Waliweka kwenye hesabu umri, jinsia, kipato, upweke na uwezo wa kufanya kazi za kila siku, na tofauti ikabaki. Hata hivyo utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kuthibitisha peke yake kwamba mtazamo ndio uliosababisha umri mrefu. Inabidi tutafute njia ambayo wazo la kichwani lingeweza kupita hadi lifike kwenye misuli na mishipa ya damu.

Njia moja iko wazi: mtu hufanya anachoamini kina faida. Anayeamini kwamba baada ya miaka 60 mwili ni wa kuporomoka tu, haoni sababu ya kumeza dawa za presha kila siku, kutembea jioni au kwenda kupimwa macho. Na imani yake haina msingi, kwa sababu mwili wa mzee bado unaitikia matunzo. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake mjini Boston waliwafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito wakazi 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye miaka 86 hadi 96. Kwa wiki 8, chini ya uangalizi wa karibu, walifanyishwa mazoezi ya miguu. Mmoja hakumaliza. Waliomaliza waliongezeka nguvu za misuli ya miguu kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha kutembelea bakora. Ni kweli misuli huanza kupungua taratibu kuanzia umri wa miaka ya 30. Lakini kama wiki 8 zinaweza kurudisha kiasi hicho katika umri wa miaka 90, basi sehemu kubwa ya udhaifu tunaousingizia uzee inatokana na kukaa bila kujishughulisha.

Wala hakuna haja ya kununua vyuma. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa wenye miaka 65 na zaidi linaongeza mazoezi ya kuimarisha misuli na mizani ya mwili, ya mizani yakiwa siku tatu au zaidi kwa wiki, ili kuzuia kuanguka. Kuinuka kitini na kuketi tena bila kushika kitu, kusimama kwa mguu mmoja mkono ukiwa ukutani, kwenda sokoni kwa miguu: yote hayo yamo. Upole kwa nafsi nao unahitajika, na unaanzia kwenye kipimo. Mzee asijipime kwa kijana wa miaka 25, wala kwa jinsi alivyokuwa yeye mwenyewe enzi hizo. Ajipime kwa wiki iliyopita. Aliyeanza kwa dakika 10 akafika 15 amesonga mbele, na siku mwili ukikataa, kupumzika ni sehemu ya mazoezi.

Macho nayo yanaonyesha vizuri mpaka kati ya cha kupokea na cha kushughulikia. Baada ya miaka 40, lenzi ya jicho hupoteza wepesi wake na maandishi ya karibu huanza kufifia. Hilo ni la umri kwelikweli, na mazoezi hayalizuii. Kulipokea maana yake ni kuvaa miwani bila kuona haya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi, ulionyesha kwamba waliopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza kiwango cha uchumaji kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko ambao hawakupewa. Ni kifaa cha bei ndogo, na faida yake huonekana kwenye kikapu. Mtoto wa jicho pia huja na umri, lakini huondolewa kwa upasuaji ambao kwa kawaida hauchukui hata saa moja. Nje ya macho, presha mara nyingi haina hata dalili ya kumwamsha mtu, ndiyo maana kupima ni lazima hata ukijisikia vizuri. Hata kiu hupungua uzeeni, hivyo ni busara kunywa maji kwa ratiba badala ya kungoja koo likauke.

Wapo watakaosema mafunzo haya ni ya Wazungu, maana kwetu wazee wanaheshimiwa tangu zamani, na penye wazee haliharibiki neno. Heshima hiyo ipo na ni tunu. Lakini mara nyingi huja na kiti: mzee ananyang'anywa jembe, ndoo na hata uamuzi, aambiwe apumzike, na kupumzika huko kukimzidi humdhoofisha. Tena haiwafikii wote. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza nchini Tanzania, vikongwe wengi waliuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu, ambayo kwa wengi wao yalitokana na moshi wa jikoni, yakahesabiwa kuwa ushahidi. Jamii inayouogopa uzee huweza kuusifu kwa methali na kuuadhibu kwa panga. Kwa upande mwingine, tumewaona waliokataa kuwekwa kando. Mwimbaji Bi Kidude wa Zanzibar alipokea tuzo ya muziki ya WOMEX mwaka 2005 akiwa ajuza, na aliendelea kuimba baada ya hapo. Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza nchini Kenya mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Hayati Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Rais wa Tanzania, alitoa kitabu cha maisha yake, kikazinduliwa Mei 2021, siku alipotimiza miaka 96.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini. Moyo mkunjufu haununui unga, na mzee asiye na pensheni ana haki ya kukasirika akiambiwa atabasamu. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni jamii wote waliotimiza miaka 70, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo, na Kenya ina mpango wa Inua Jamii kwa wenye umri kama huo. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 ilimtambua mtu wa miaka 60 kuwa mzee anayestahili huduma. Ni mwanzo mzuri, ila bado hautoshi. Hata hivyo mtazamo hapa hausimami mahali pa fedha. Unazitangulia, kwa kuwa serikali na familia zinazoamini kwamba mzee amekwisha hazitatenga fungu kwa ajili ya miwani yake, na mzee anayeamini hivyo juu yake mwenyewe hatalidai.

Mwenzio uliyeishi naye miaka 40 atakufa, nguvu zitapungua, na ipo siku dawa itashindwa. Huzuni ya hayo ni halali, na mtazamo mzuri haukuzuii kulia. Lakini kusahau njia ya nyumbani, kukosa hamu ya kula kwa wiki nzima au kuishiwa pumzi kwa hatua chache si ada ya kuishi miaka mingi. Ni mambo ya kupelekwa kwa daktari. Kama umepita miaka 40, pima presha mwezi huu, na umpeleke mzazi wako akapimwe macho. Akikwambia hana haja kwa sababu amezeeka, usikubaliane naye.