Shimo Litageuka Ziwa, Lakini Udongo wa Nani Utalitengeneza?

Wewe unayekaa karibu na kariere unajua jambo hili: sosiete ikimaliza kuchimba, shimo linabaki, mvua inalijaza, watoto wanaenda kuoga mule. Umekwisha kujiuliza nani anaamua shimo lile litakuwa nini? Huko Ujerumani watu wanagombana miaka mingi juu ya neno hilo. Inafaa tusikie.

Kati ya miji ya Köln na Aachen kuna shimo la Hambach. Sosiete RWE ilianza kulichimba mwaka 1978, kutafuta mkaa wa kutoa umeme. Vijiji vilihamishwa, na pori la zamani likakatwa karibu lote. Mwaka 2018 tribinali ilisimamisha ukataji. Mwaka 2020 wakubwa walipatana kwamba pori lililobaki litaachwa. Kisha ikapangwa kwamba kazi ya mkaa fasi ile itaisha mwaka 2029, mbele ya wakati uliowekwa kwanza.

Ungefikiri ugomvi umekwisha. Hapana! Sasa neno ni ziwa.

Mpango ni kuvuta maji ya mto Rhine kwa mabomba makubwa, muda wa miaka 40 hivi, mpaka shimo lijae. Ziwa litakuwa na kilometa za mraba 35 hivi, na kina cha zaidi ya metre 300. Lakini shimo haliwezi tu kujazwa maji. Kingo zake ni lazima zilazwe pole pole kama mteremko mpole, na kazi hiyo inataka udongo mwingi sana.

Usifikiri ni neno dogo. Tarehe 18 Julai 2009, kijijini Nachterstedt, palepale Ujerumani, ukingo wa shimo la zamani lililokuwa likijazwa maji ulianguka usiku. Nyumba iliingia ziwani, watu watatu wakafa. Majirani zao walihamishwa, nao hawakurudi tena kukaa pale.

Basi udongo wa Hambach utoke wapi? Sosiete inasema: fasi ya kijiji cha Manheim. Watu wa Manheim walianza kuhamia kijiji kipya mwaka 2012 juu ya mkaa. Leo mkaa ulio chini ya kijiji chao hautachimbwa tena, lakini udongo wao unatakiwa. Wakubwa wa plan ya udongo walikubali. Watetezi wa mazingira wakaenda tribinali. Wanasema pori litabaki kama kisiwa katikati ya mashimo, na ya kwamba udongo ungeweza kutafutwa fasi ingine.

Unaona, ndugu? Hakuna anayechukia ziwa. Kila upande una sababu. Sosiete inaogopa ukingo kuanguka. Watu wanalilia pori na kijiji. Ugomvi ulikuwa mkali kwa sababu plan ilibadilika wakati shimo lilikuwa limekwisha kuchimbwa na watu walikuwa wamekwisha kuhama. Aliyekubali kuhama juu ya neno moja, anakuta udongo wake unatumika kwa neno lingine.

Kwetu Congo, Code minier ya mwaka 2002, iliyogeuzwa mwaka 2018, inaomba sosiete itengeneze mahali ilipoharibu na iweke feza kando kwa kazi hiyo. Sheria iko. Lakini nani katika kartie yenu amekwisha kuuliza?

Wakati sosiete inaita mkutano, baba na mama, simameni mkaulize:

– Kazi ikiisha, shimo hili litakuwa nini?
– Kingo zitatengenezwa kwa udongo wa fasi gani?
– Nyumba zetu zitakuwa mbali namna gani na ukingo?
– Kama plan inageuka, sisi tuliohama tutaulizwa tena?

Muombe majibu kwa maandishi, na karatasi ibaki kwa mkuu wa kartie. Usitie saini mbele ya kusoma. Shimo linachimbwa kwa miaka michache, lakini wajukuu wako ndio watakaokaa kando yake.