Mtenda na Mtendwa katika Lugha ya Walakota

Katika sentensi «Mama ananiona», kila mwanafunzi wa sarufi atatambua kuwa -ni- humwonyesha mtendwa. Lakini asemaye «Mimi ni mgonjwa», je, ni mtenda au mtendwa? Kiswahili hakitulazimishi kujibu. Kilakota hulazimisha.

Lugha hii husemwa hasa katika Dakota ya Kusini na Dakota ya Kaskazini, nchini Marekani, kwenye maeneo waliyotengewa wenyeji, kama vile Pine Ridge, Rosebud na Standing Rock. Neno lowan maana yake ni «aimba», na walowan ni «naimba». Wa- ni kiambishi cha mtenda. Khuže ni «anaumwa», lakini «ninaumwa» ni makhuže. Hiyo ma- ndiyo iliyomo katika wanmayanke, yaani «aniona». Basi mgonjwa huwekwa upande wa watendwa. Nasi tusemapo «naumwa», kwa kauli ya kutendwa, hatuko mbali sana na fikra hiyo. La ajabu zaidi ni mani, «atembea», ambalo huwa mawani, «natembea»: kiambishi kimeupasua mzizi katikati!

Kilakota na Kidakota ni lahaja ndugu. Penye d ya Mdakota, Mlakota hutamka l. Zote ni za jamii ya lugha za Kisiou, pamoja na Kiosage na Kicrow. Katika karne ya 17 wasemaji wake walikaa katika nchi ya misitu na maziwa ya Minnesota, ndipo wengine wakahamia nyanda za magharibi. Farasi, mnyama aliyeletwa na Wahispania, walimwita šunkawakan, «mbwa mtakatifu», kwani hapo kwanza mbwa ndiye aliyewabebea mizigo.

Mwaka 1879 ilifunguliwa shule ya bweni ya Carlisle, na katika shule za namna hiyo watoto walikatazwa kusema lugha zao. Sheria ya kuzilinda lugha za wenyeji ilipitishwa mwaka 1990 tu. Leo wasemaji wa Kilakota hukadiriwa kuwa wapatao 2,000, wengi wao wazee. Kwa bahati njema Ella Deloria, mwenyeji aliyekulia Standing Rock, alikwisha kuandika sarufi pamoja na Franz Boas, iliyotoka mwaka 1941.

Sasa lugha hiyo hufundishwa tena shuleni. Mtoto aliyelelewa kwa Kiingereza, ambamo mwimbaji na mgonjwa hujitaja kwa neno moja, hana budi kujiuliza kabla ya kila kitenzi: je, hapa natenda, au natendwa?