Picha ya Pombe ya Ndizi

Wengi wetu tukishika kalamu ya kuchora huchora simba na nyumbu wa Serengeti, maana twadhani wageni hupenda hayo tu. Leo nitawaeleza habari za picha ya watu.

Aliyeichora ni Sam Ntiro, Mchagga aliyezaliwa Kilimanjaro mwaka 1923. Alisoma sanaa Makerere, kisha London, na baada ya Uhuru wa 1961 akawa Balozi wa Tanganyika huko Uingereza. Mwaka 1956 alichora kwa rangi za mafuta wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo imo katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, Marekani. Ntiro hakutafuta jambo kubwa. Alichora majirani njiani kwenda harusini, na mambo ya namna hiyo ndiyo yaunganishayo koo.

Sisi wa Tarime nasi tunayo ya kuchora. Wazee wetu wa Kikurya walikuwa wakizunguka mtungi mmoja wa pombe, kila mtu na mrija wake mrefu, wakizungumza habari za mahari na mipaka. Likizo iliyopita niliwachora babu na wenzake watatu wameketi hivyo. Mmoja amekwisha fariki, na picha yake nyingine hatuna.

Babu aliitazama sana, akasema, "Mjukuu wangu, mrija wangu haufiki kwenye pombe." Nimeurefusha. Nanyi choreni wazee wenu wangali hai.